Mwanafunzi, anza na kujumlisha

Wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi huniuliza kama wanaweza kuchangia kitu cha maana katika lugha ya programu huria. Jibu langu ni ndiyo, na ushauri wangu ni huu: anzeni na hesabu.

Mimi nilianza na Julia nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Lugha hii ilitangazwa mwaka wa 2012 na Jeff Bezanson, Stefan Karpinski, Viral Shah na Alan Edelman. Toleo la 1.0 likatoka mwaka wa 2018. Sehemu kubwa ya maktaba yake imeandikwa kwa Julia yenyewe. Ukitaka kujua inavyojumlisha, unafungua faili na kusoma.

Kwani kujumlisha kuna ugumu gani? Anza na sifuri, ongeza 0.1 mara kumi. Tarakilishi itakupa 0.9999999999999999. Inahesabu kwa 0 na 1 tu, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kwa desimali.

Haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot wa kutungua makombora ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100. Programu yake ilipima muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile 0.1 ilikuwa imekatwa kidogo ili itoshee kwenye biti 24. Tofauti ilifika theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud halikutunguliwa, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa.

Kwa upande wa kujumlisha, William Kahan alitoa dawa mwaka wa 1965: kila hatua, hesabu kilichopotea, kiweke kando, kisha kirudishe hatua inayofuata. Ni kama mwenye duka anayeandika daftarini chenji anayodaiwa na mteja. Arnold Neumaier aliiboresha mwaka wa 1974. Jaribu kujumlisha 1, kisha 1e100, kisha 1, kisha -1e100. Jibu sahihi ni 2. Njia ya kawaida inatoa 0, ya Kahan pia 0. Ya Neumaier inatoa 2.

Algoriti yenyewe ni mistari michache tu. Mchango wangu ulikuwa hasa majaribio yake. Orodha ikiwa tupu je? Ikiwa na nambari isiyo na kikomo je? Hapo kuna mtego, maana kutoa kisicho na kikomo kutoka kwa kisicho na kikomo si nambari tena. Msimamizi wa mradi, aliyekuwa nchi ya mbali, hakuniuliza alama zangu wala chuo changu. Aliuliza ushahidi.

Halafu kuna kasi. Julia kwa kawaida hugawa orodha ndefu nusu kwa nusu, njia ya haraka yenye makosa madogo. Python, katika toleo la 3.12 la mwaka wa 2023, ilichagua njia ya Neumaier. Mwalimu darasani hutaka jibu moja. Hapa unachagua kwa niaba ya watu usiowajua, ambao wataliamini jibu lako bila kulikagua.

Basi chagua fomula moja unayoijua, soma msimbo wake, uandikie jaribio ambalo halipo. Ukikwama, niandikie.