Picha Isiyopiga Hodi

Jioni moja ya Ramadhani, mama yangu akiwa amenitembelea kutoka Mombasa, umeme ulikatika hapa kwetu Mwihoko mara tu baada ya kufuturu. Tuliwasha taa ya kuchaji, tukaiweka mezani kando ya birika la chai na sahani ya mahamri. Hapakuwa na mwanamume ndani. Mama akauteremsha ushungi wake mabegani, akaanza kuwasimulia wajukuu kisa cha utoto wake.

Mama alikuwa mtu wa zama za studio. Picha zake za ujana ni za miaka ya 1960, familia za Mombasa zilipokuwa zikienda kwa N. V. Parekh na wapiga picha wenzake. Hakutabasamu katika hata moja. Nami kila nilipompiga kwa flashi, alikaa wima na kukaza uso vilevile.

Usiku ule niliizima flashi. Kwa ISO 400, kamera ilihitaji sehemu moja ya nane ya sekunde ipate mwanga wa kutosha, na kwa muda huo mtu anayecheka hutoka kama ukungu. Kila ISO inapoongezwa maradufu, muda huo hupungua kwa nusu. Nikapandisha hadi 800, 1600, kisha 3200, nikapata sehemu moja ya sitini. Mama akacheka, nikabonyeza.

Picha ilijaa chenga, hasa penye giza, kwani kamera inapokuza mwanga mchache huzikuza na dosari zake. Lakini kicheko kilikuwa chake hasa.

Nilipomwonyesha, alinyamaza kidogo. "Mwanangu, ulipiga hodi?" akaniuliza. Nilikosa jibu. Flashi, pamoja na ukali wake, ilikuwa ikimwarifu. ISO ya juu iliniingiza kwake kimyakimya, nywele zake zikiwa wazi. Nikamwomba radhi, nikataka kuifuta. Akanizuia: "Iweke. Ila isitoke nyumbani."

Mama alitangulia mbele ya haki kabla ya Ramadhani iliyofuata. Jamaa, wake kwa waume, waliomba picha ya kutumiana kwenye simu. Niliwapa ya studio. Binti yangu akasikitika: "Huyu si nyanya ninayemjua." Nikamfungulia sanduku la kanga za mama, nikamwonyesha nakala moja tu niliyoichapisha. Aliishika muda mrefu, kisha akairudisha mwenyewe mahali pake.

Dada zangu mpendao kupiga picha majumbani, pandisheni ISO wala msiziogope chenga. Lakini ombeni ruhusa kwanza, kisha subirini mpaka watu waisahau kamera. Kicheko kitakuja tu.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yangu, na atuwezeshe kuzitunza amana za watu.