Mbio za Mtu Asiyekimbia

Kuna muziki mmoja ambao jina lake ni namba tupu: 45:33. Ukiuona kwenye orodha utadhani ni muda aliotumia mtu fulani kumaliza mbio zake, na bila shaka ndivyo walivyotaka udhani. Mwenyewe ni James Murphy wa New York, kiongozi wa kundi la LCD Soundsystem, na aliutoa Oktoba 2006 kwa agizo la Nike, wale wa viatu. Ni ngoma moja tu. Haikatiki. Inaanza polepole, inapanda, inashuka, inapanda tena, na kwenda hivyo hivyo mpaka mwisho kwa zaidi ya dakika 45. Wenzangu mnaoandika naombeni mvumilie kidogo, maana najua kuna watakaosema huyu naye kaacha fasihi kaingia disko.

Mwaka ule wa 2006 Nike na Apple walikuwa wameingiza sokoni kidude cha kutia ndani ya kiatu, chini ya soli ya ndani. Ukikimbia, kidude kinahesabu mwendo wako na kupeleka habari kwenye iPod uliyoishika, na iPod inakuambia umekwenda umbali gani na kwa kasi gani. Mambo hayo leo yamo kwenye simu ya kila mtu na kidude chenyewe kimeshapitwa, lakini wakati ule kilikuwa kitu cha ajabu. Basi wakawaza: huyu mtu anayekimbia na mashine yetu asikilize nini? Wakawaagiza wanamuziki watunge vitu vyenye urefu wa mbio. The Crystal Method walitunga, na Aesop Rock, mtu wa hip hop, akaleta yake 2007. Mimi nimezisikiliza kadhaa. Nyingine ni nzuri, ila zinanuka mazoezi. Hii ya Murphy unaweza kuisikiliza umelala chali unatazama bati, na haikupunguzii kitu.

Na hapo ndipo palipo na kisa. Wakati inatoka, Murphy alieleza kwamba ameipanga ili impe mkimbiaji msukumo na zawadi pale anapovihitaji. Maneno matamu ya biashara. Baadaye akakiri mwenyewe kwamba ule ulikuwa uongo. Yeye wala hakimbii! Alichokitaka tangu mwanzo ni nafasi ya kutunga kitu kimoja kirefu, kama kile cha Mjerumani Manuel Göttsching kiitwacho E2-E4.

Huyo Göttsching naye ana habari zake. Siku moja ya Desemba 1981, Berlin, alijifungia studio peke yake na mashine zake na gitaa, akapiga kwa karibu saa nzima bila kusimama, mara moja tu, basi. Alikuwa anataka kitu cha kusikiliza kwenye Walkman akiwa safarini kwenda Hamburg. Jina alilitoa kwenye sataranji: ile hatua ya kwanza, kitunda kinapotoka e2 kwenda e4. Aliuweka kabatini mpaka 1984 ndipo ukatoka kwenye santuri, na Wajerumani wenyewe hawakuushangilia sana. Waliouchukua ni watu weusi na Walatino wa madisko ya New York, akina Larry Levan pale Paradise Garage, wakawa wanawachezesha watu usiku kucha. Mwaka 1989 Waitaliano wakaukata kipande wakatengeneza Sueño Latino, ukazunguka dunia. Yote hayo yametokana na mtu aliyetaka asichoke njiani! Göttsching alifariki Desemba 2022, na nadhani hadi siku hiyo alikuwa bado anaulizwa habari za lile saa moja.

Sasa mnaona Murphy alichokifanya. Kitu cha dakika 45 kisichokatika nani angekilipia? Redio haiwezi kukipiga. Santuri yenyewe inakubali dakika kama 20 na kitu kila upande, ndiyo maana 45:33 ilipokuja kutolewa kwa sahani na CD mwaka 2007 ilibidi ikatwe vipande. Hata zile namba mbili, 45 na 33, ni kasi za sahani zenyewe: ndogo ya wimbo mmoja, na kubwa ya nyimbo nyingi. Na ukiupima muziki huo kwa saa, unazidi hizo dakika 45 na sekunde 33. Yaani hata jina linadanganya. Akaja tajiri wa viatu anataka muziki wa kukimbilia, jamaa akasema naam bwana, ninao, akachukua fedha, akafanya kile alichokuwa anakitamani miaka yote. Wakati huo ana miaka 36, si kijana wa kuibukia.

Pale kijiweni kwetu tuna mabishano kuhusu jambo hili ambayo hayajaisha. Mshikaji wangu mmoja, mshairi mkali sana, anasema kazi ya kuagizwa si kazi, ni kibarua, na msanii anayeandika kwa agizo ameuza kalamu. Namwelewa. Tumeona kwaya na ngonjera ngapi za kukaribisha mgeni rasmi? Lakini nikimwuliza mashairi ya arusi yalitungwa kwa nini, na tenzi ngapi zilitungwa baada ya mtu kuombwa, ananyamaza, anaagiza kahawa. Mimi naona agizo ni kama kipimo cha nguo. Fundi anaambiwa kiuno na urefu. Hajaambiwa moyo wa atakayeivaa.

Ushahidi wangu ni huu. Ndani ya 45:33 kuna sehemu ambayo mashine zinapiga vijisauti kama vikengele, vinarudiarudia, na chini yake besi inatembea taratibu. Kwa mkimbiaji, hapo ndipo mwili unakubali kwamba safari imeanza. Sehemu hiyo hiyo, Machi 2007, ilitokea kwenye albamu ya Sound of Silver, safari hii ikiwa na maneno, kwa jina la Someone Great. Na maneno yake ni ya msiba. Ni mtu anayepokea habari za kifo, na kinachomuuma ni kwamba dunia inaendelea na mambo yake madogo madogo kama kawaida. Nilikuwa nimeshausikia ule wa mbio mara nyingi kabla sijakutana na huu wa kilio. Nilisimama. Nikarudisha nyuma. Ni ule ule! Hakubadilisha karibu kitu kwenye ngoma. Mapigo yaliyokuwa yanasukuma miguu yakawa yanasukuma siku za mfiwa, moja baada ya nyingine, asipende. Tangazo la viatu halina uwezo wa kubeba jeneza. Kama ile ngoma iliweza, basi tangu mwanzo ilikuwa kitu kingine, na agizo lilikuwa mlango tu.

Aprili 2, 2011, kundi lilipofanya onyesho la kuagana ukumbi wa Madison Square Garden (walirudi tena miaka michache baadaye, wanamuziki ni wale wale kila mahali), walipiga vipande vya 45:33 jukwaani mbele ya umati. Hakuna aliyekuwa anakimbia.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mtu asiyekimbia hawezi kulidanganya, na sisi tuliopitia shule za msingi za Tanzania tunalijua vizuri. Ngoma nyingi za disko na house zinakaa karibu na mapigo 120 kwa dakika. Miguu ya mkimbiaji inapiga hatua 150, 160, mara 180. Havikutani. Nimejaribu mwenyewe alfajiri, simu mfukoni, hedifoni masikioni: muziki unakwenda njia yake na miguu njia yake, kama watu wawili wanaozungumza bila kutazamana. Ni raha ya aina yake, sikatai. Lakini mchakamchaka! Kumbukeni. Kiranja mbele anaanzisha, umati nyuma unaitikia, vumbi, nusu yetu pekupeku, na kila silabi inaangukia kwenye unyayo. Haiwezi kukosea kwa sababu anayeimba ndiye anayekimbia. Kiranja hawezi kutunga mstari mrefu kuliko pumzi yake. Akiuzidisha, anakohoa, na sisi tunacheka, na wimbo unapokewa na mwingine hapo hapo. Nao haukatiki: kutoka mstarini mpaka kuzunguka uwanja na kurudi, wimbo mmoja unazaa mwingine. Leo vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vinafanya vivyo hivyo Jumamosi na Jumapili asubuhi, fulana za rangi moja, filimbi, barabara nzima yao, madereva wanapiga honi kwa hasira. Hakuna kampuni iliyowatungia.

Ninayeandika haya nina riwaya isiyokwisha, na tatizo langu siku zote ni pumzi. Sura ya kwanza naiandika kama mtu anayekimbizwa na mbwa, ya tatu natambaa. Nimesikiliza 45:33 nikiwa na daftari, nikaandika kila dakika kinatokea nini. Niligundua kwamba jamaa haanzishi kitu kipya kabla hajakiingiza kwa siri ndani ya kile cha zamani. Tarumbeta zinapokuja, ukirudi nyuma unakuta nafasi yao ilikwishafunguliwa na wewe hukuona. Na mwishoni mapigo yanalegea, inabaki sauti inayoelea tu, kwa sababu aliyekimbia hasimami ghafla. Waandishi wetu wengi tunaua mhusika ukurasa wa mwisho kisha tunafunga kitabu kwa kishindo. Msomaji anaachwa na kichomi.

Basi mwezi uliopita kuna shirika limeniambia niandike michezo ya redio, vipindi 13, habari za vyandarua na malaria. Malipo si haba. Yule mshairi aliposikia hakusema neno, alinitazama tu kama mtu anayetazama maiti ya jirani. Wao wanataka kila kipindi kijitegemee na kiishe na fundisho lake. Nimewajibu kwamba nakubali, ila vipindi vyote 13 viwe usiku mmoja tu, kuanzia adhana ya magharibi mpaka ya alfajiri, nyumba moja ya kupanga Temeke, mama mmoja na mtoto mwenye homa, na mbu wao watakuwemo wala wasihofu. Wamesema watanijibu Jumatatu. Kipindi cha kwanza nimeshakianza, na hodi ya kipindi cha nne nimeipigisha humo humo, mlango wa nyuma, kwa sauti ndogo.