Joto la Breki

Barabara itokayo Tarime kwenda Mugumu huyaacha mashamba ya nyanda za juu ikateremka hadi Mto Mara, utenganishao wilaya ya Tarime na ya Serengeti. Miaka mingi imepita tangu niliposhuka mteremko huo katika basi dogo lililojaa watu, ndizi na magunia ya ulezi. Tulipofika kati, harufu kali ya kuungua ilitupiga puani. Dereva alikanyaga breki, kanyagio likazama kama lililoshindiliwa pamba. Alirudisha gia, akarudisha tena. Injini ikanguruma, na gari likaenda kusimama kwenye ukingo wa udongo. Utingo aliruka na dumu la maji akaimwagia ngoma ya gurudumu. Mvuke ukafoka. Abiria tulimsifu sana kijana yule, nami nilimpa fedha.

Mwaka jana mhandisi mmoja, rafiki yangu, aliniomba maneno ya Kiswahili kwa kazi yake. Katika kompyuta alikuwa ameunda ngoma ya breki isiyo na chuma, akaigawa vipande maelfu. Mashine ikakokotoa kwa kila kipande joto liingialo kwa msuguano na joto litokalo kwa upepo. Nilijifunza kuwa gari la tani 6 likishuka kimo cha mita 300, breki zikichukua kazi yote, huzaliwa joto la kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji. Mwendo wa pole, ambao wengi twauona salama, huleta upepo mchache wa kupoza. Tena mafuta ya breki yaliyokwisha kunyonya unyevu huchemka mapema. Mvuke wake hubonyea, na hiyo ndiyo pamba niliyoisema.

Nilimsihi amtie utingo wangu katika hesabu. Maji yalipomwagwa, uso wa ngoma ulipoa ghafla hali ndani ni moto, na mkazo ukajikusanya mahali ambapo chuma cha kalibu hupasuka. Nilizikumbuka fedha zangu, nikaona haya.

Jina la jambo hili lilitushinda kwa siku mbili. Hatimaye nilikumbuka neno alilolisema dereva siku ile, akiifuta jasho shingo: “Zimechoka.” Mhandisi aliliandika. Kisha aliliteremsha gari mara nyingine, likiwa katika gia ya pili tangu kileleni, na wekundu haukuonekana.