NJIWA NA KWAO

Hebu msimamishe mwanafunzi yeyote kwenye foleni ya githeri umwulize njiwa ni nini. Atakujibu bila kusita, "Njiwa ni alama ya amani." Sasa mwulize njiwa hutaga mayai mangapi. Atakukodolea macho kama aliyeitwa ubaoni ghafla. Sina ugomvi na amani. Lakini alama tunaijua na ndege hatumjui, na kwa kuwa hatumjui, tunamfanyia mambo ambayo lau angekuwa na ulimi wa kusema, angetushtaki kwa chifu.

Tuanze na ukoo wake. Ndege wa jamii ya njiwa ni zaidi ya aina 300 duniani. Hapa kwetu tunao wa porini: tetere, pugi, hua, na ninga mwenye rangi ya kijani. Hao hawana habari na banda la mtu. Waliokubali kufugwa hasa ni wawili. Wa kwanza ni njiwa manga, yule tunayemwona juu ya mabati ya maduka akisubiri mahindi yamwagike mbele ya mashine ya kusaga unga. Asili yake ni njiwa wa majabali, ambaye hadi leo huishi kwenye mapango na kingo za miamba huko Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia. Ndiyo maana njiwa manga hajali sana mti. Mpe ghorofa, mpe mnara wa kanisa au wa msikiti, mpe hata daraja. Kwake yeye hayo yote ni majabali. Wahenga waliponena kwamba nyumbani ni nyumbani hata kama ni pangoni, sijui walikuwa wakimtazama nani, lakini kwa ndege huyu ni kweli tupu.

Wa pili ni hua wa kufugwa, mdogo kidogo, wa rangi ya maziwa au mweupe pe, mwenye utepe mweusi shingoni iwapo si mweupe. Huyu ni Mwafrika mwenzetu. Ndugu zake wa porini wako kwenye nchi kavu za chini ya Sahara, kutoka Senegali hadi Sudani na Pembe ya Afrika. Mlio wake ni kama mtu anayecheka kwa siri. Wafanya mazingaombwe humpenda kwa sababu ni mpole na anaenea ndani ya kofia.

Mimi nawajua zaidi njiwa manga, maana ndio babu aliniachia niwatunze nikiwa bado shule ya msingi. Na jambo lililonishangaza tangu siku za kwanza si kuruka kwao, bali ni malezi yao.

Jike hutaga mayai mawili. Kuatamia ni siku 18 hivi, na kazi hiyo ni ya zamu. Dume huingia kiotani kama saa nne asubuhi na kukaa mpaka alasiri. Jike huchukua usiku wote hadi asubuhi. Ukienda mchana ukamwona njiwa ametulia juu ya mayai, usiseme "mama huyo". Huyo ni baba mtu, na ukisogeza mkono atakupiga bawa ujute.

Makinda hutoka wakiwa vipofu, wana manyoya machache ya manjano na midomo mikubwa isiyolingana na vichwa. Ukweli ni kwamba hawapendezi. Sasa sikilizeni ajabu, na msicheke: hunyweshwa maziwa. Ndege ana mfuko shingoni ambamo nafaka hukaa kabla ya kwenda kusagwa kwenye firigisi. Ukimpapasa kuku shingo jioni utausikia umejaa mahindi. Kwa njiwa, mayai yakikaribia kuanguliwa, ukuta wa ndani wa mfuko huo hunenepa, kisha hubanduka vipande vidogo laini vinavyofanana na maziwa ya mala. Yana protini na mafuta kwa wingi. Kinda huingiza mdomo ndani ya mdomo wa mzazi na kula humo humo. Siku za kwanza halishwi kitu kingine. Nafaka huchanganywa baadaye kidogo kidogo.

Na maziwa hayo huyatoa mama na baba, wote wawili, sawasawa. Nilipoyasema haya darasani, wavulana wa nyuma waliangua kicheko hadi mwalimu wa bayolojia alipopiga meza. Akatueleza kwamba mwaka 1933 Oscar Riddle na wenzake huko Marekani, wakichunguza mfuko huo wa njiwa, walieleza homoni inayouamsha kufanya kazi, wakaiita prolaktini. Homoni hiyo hiyo ndiyo inayowapa mama zetu maziwa ya kutunyonyesha. Ndege wenye jambo kama hili ni wachache mno. Mmoja wao ni heroe, yule wa rangi ya waridi wa Ziwa Nakuru. Wavulana wa nyuma wakanyamaza kimya kama maji ya mtungini.

Jambo la pili ni kujua kwao. Njiwa mchukue ndani ya kikapu kilichofunikwa, mpeleke mbali, mwachilie, naye atarudi. Wataalamu wamechunguza sana. Hutumia jua, huhisi nguvu ya sumaku ya dunia, hunusa harufu zinazoletwa na upepo, na akikaribia hufuata alama anazozijua, hata barabara. Mwaka 1850 Paul Julius Reuter, ambaye jina lake tunalisikia katika habari za dunia, alitumia njiwa kubeba habari za bei za masoko kati ya Aachen na Brussels, kwa sababu waya za simu za wakati huo zilikuwa hazijaunganishwa hapo. Na msidhani ni mambo ya kale tu. Mwaka 2009 huko Afrika Kusini njiwa mmoja aitwaye Winston alishindanishwa na intaneti. Alibeba mguuni kifaa kidogo chenye gigabaiti 4, akaruka kama kilomita 80 hadi Durban kwa muda wa saa moja na dakika chache. Kazi yote ilipomalizika, hata ya kuingiza habari hizo kwenye kompyuta, intaneti ilikuwa imepitisha asilimia 4 tu. Bwana Winston akapata mtama wake.

Lakini hebu tuelewane hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotoka. Njiwa hajui kwenda, anajua kurudi. Huwezi kumwambia, "Nenda Kisumu ukampe shangazi barua hii." Anaijua nyumba moja tu hapa duniani, ile aliyoanzia kuruka. Tena wa masafa marefu ni wa mbegu maalumu, na hufunzwa hatua kwa hatua, kilomita chache leo na chache tena wiki ijayo. Wa kawaida kama wangu ukiwatoa mbali sana wanapotea. Na yule hua mweupe aliyezaliwa tunduni, hata kujitafutia chakula hajui.

Sasa tutazame yale tunayowafanyia kwa jina la amani. Tarehe 17 Septemba 1988, siku ya ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Seoul, njiwa waliachiliwa uwanjani. Wazee wetu wanaikumbuka michezo hiyo kwa dhahabu 5 za Kenya. Lakini siku ile baadhi ya njiwa walitua kwenye karai kubwa la mwenge, na moto ulipowashwa wakaungua mbele ya macho ya dunia nzima. Januari 2014 njiwa wawili weupe waliachiliwa kutoka dirishani huko Vatikani, Papa Francis akiwa papo hapo na watoto wawili. Punde si punde shakwe na kunguru wakawavamia angani. Mweupe haonekani vizuri na wapiga picha tu, ati. Mwewe naye anamwona.

Haya yalinifikia hadi mlangoni. Mwaka jana binamu yangu, ambaye mimi humwita dada, alikuwa anaolewa. Harusi ilipangwa Kericho, nasi tuko upande wa Nakuru, kama kilomita 100 kwa barabara. Kamati ya harusi ilikutana nyumbani kwetu, chai na mandazi mezani. Baada ya kuyamaliza mambo ya keki na matatu ya kubeba wageni, mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, akanigeukia.

"Mama, tumesikia una njiwa weupe."

"Ndiyo, mjomba."

"Tunataka sita. Maarusi wakitoka kanisani wawaachilie, watu wapige makofi. Tutakulipa shilingi 500 kila mmoja."

Wenzangu, shilingi 3,000! Wakati huo viatu vyangu vya shule vilikuwa vimeanza kucheka, na nilikuwa nimeambiwa ningoje mpaka mahindi yauzwe. Nilipiga hesabu moyoni, viatu, soksi, na chenji ikabaki. Lakini swali likanitoka kabla sijalizuia.

"Mjomba, wakisharuka wataenda wapi?"

"Si wana mabawa? Wataenda watakako. Watakuwa huru."

Watu wakacheka. Nikamweleza kwa adabu kwamba hao sita hawajawahi kuruka kupita mashine ya kusaga unga ya kijijini, na kwamba huko Kericho hawatajua pa kulala wala pa kula. Nikaongeza kuwa wawili kati yao wana mayai. Mama akanikata jicho. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Kumbe karo tunalipa ili mje kutufundisha habari za ndege!"

Kimya. Hata vijiko viliacha kugonga vikombe. Babu, ambaye alikuwa amekaa pembeni kana kwamba hasikii, akasema polepole, "Harusi ni ya nani? Mwacheni mwenye harusi aje awaone."

Dada alikuja Jumamosi, saa nane mchana. Nikampeleka bandani. Akachungulia tundu la kwanza, akamwona njiwa mweupe ametulia.

"Huyu mama yao ni mrembo, wee!"

"Huyo ni baba, dada. Mama yuko pale juu ya paa. Zamu yake ni jioni."

Alibaki ameinama pale kwa muda. Kisha akauliza, "Na nikimchukua huyu?"

"Mayai yatapoa. Mmoja peke yake hawezi kukaa usiku na mchana bila kula."

Akajifuta vumbi mikononi. "Basi," akasema. "Mimi sitaki kuanza nyumba yangu kwa kuvunja ya mwenzangu."

Huko Kericho walirushiwa petali za waridi, na makofi yakapigwa vilevile. Mjomba hadi leo huniita wakili wa njiwa, na sina hakika kama ni mzaha. Viatu fundi alivishona kwa uzi wa nailoni vikafika mwisho wa muhula wa tatu. Yale mayai mawili yaliangua.

Sasa nije kwa wale wanaoniandikia vikaratasi darasani wakitaka kununua. Kwanza, jengeni banda juu ya nguzo, lisiloelekea upepo, na zile nguzo zipakwe oili chafu ili siafu wasipande. Paka na kanu ni maadui wakubwa kuliko mwewe. Wekeni maji ya kutosha kwenye chombo chenye kina kidogo, maana njiwa hanywi kama kuku wa kuinua kichwa kila funda. Yeye huzamisha mdomo na kufyonza kama ng'ombe. Changarawe ndogo ni lazima, kwa kuwa hana meno na firigisi inahitaji mawe ya kusagia. Mnapofagia kinyesi, nyunyizeni maji kwanza na mfunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi lake lina kuvu wanaoweza kudhuru mapafu. Kinyesi chenyewe msitupe. Sukuma wiki inakipenda kikishaoza.

Pili, siuzi njiwa aliyekwisha kuruka. Ukimnunua Jumamosi, siku utakayomfungulia atakuwa juu ya paa letu, nawe utasema nimekutapeli. Wa kuchukua ni makinda wa wiki nne hivi, wenye manyoya kamili, wanaojilisha, lakini ambao hawajaonja hewa. Ninao wanne sasa. Wawili wa madoa na wawili weupe. Mfungie kwako wiki kadhaa mahali anapoweza kuona nje, umpe mtama na mahindi yaliyopasuliwa, naye azoee sauti yako wakati wa chakula. Kisha siku moja jioni, akiwa bado hajala, mfungulie mlango na usimfukuze. Atatoka mwenyewe, atatua juu ya banda, ataruka mara mbili tatu kuizunguka nyumba yenu, akiitazama. Mwache aitazame.