Nilichomoa Plagi, Umeme Ukabaki

Mnakumbuka ile video yangu nikisema digrii ni karatasi tu? Wengi mliipenda. Leo nairekebisha, na ampu ya gitaa ndiyo imenilazimisha.

Niliacha uhandisi wa umeme mwaka wa pili. Karo ilikuwa shida, kweli, lakini pia nilikuwa nimechoka kukaa darasani. Nikamwambia Baba kila kitu kiko YouTube. Hakunijibu. Tangu hapo tukawa tunaongea tu kuhusu mvua na bei ya unga.

Sasa, ampu. Nilichagua mchoro wa Fender Champ wa miaka ya 1950, ule wa 5F1, kwa sababu una valvu tatu pekee. Ya kwanza, 12AX7, inakuza mawimbi madogo ya gitaa. Ya pili, 6V6, inayapa nguvu ya kusukuma spika. Ya tatu, 5Y3, inageuza AC kuwa DC. Jumla ni kama wati 5. Usicheke, kwa bedsita hizo zinatosha kumleta landilodi mlangoni. Na utamu wake ni huu: ukipandisha sauti kupita kiasi, valvu inayabana mawimbi polepole, gitaa inanguruma badala ya kukwaruza.

Mchoro ni wa Marekani, volti 120. Soketi zetu ni 240, so nikatafuta fundi Luthuli Avenue anisukie transfoma. Chasisi nikakatiwa Kamukunji.

Usiku wa kwanza nikaiwasha na 5Y3 pekee, nipime volti. Mita ikapita 400. Nikazima, nikachomoa plagi, nikaingiza mkono kusogeza waya.

Manze. Nilijipata sakafuni, mkono umekufa ganzi hadi begani.

Zilikuwa kapasita. Zinaweka chaji hata baada ya kuchomoa plagi, na bila zile valvu zingine hakukuwa na kitu cha kuimaliza. Hiyo tulifunzwa mwaka wa kwanza. Nilikuwa kwa hilo darasa, nimeinamia simu nikikata video.

Nikampigia Baba, saa sita usiku. Zamani alikuwa anatengeneza redio za valvu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mkono ule mwingine ulikuwa wapi?"

"Kwa goti."

"Mshukuru Mungu. Ungekuwa umeshika chasisi, umeme ungepitia kifuani."

Kisha akanieleza pole pole: mkono mmoja ukae mfukoni, maliza chaji kwa kupitisha rezista hadi kwa chasisi, halafu pima. Usiguse kitu hadi mita ikaribie sufuri.

Jumamosi akaja na miwani yake, bila kuitwa. Tukakagua kila kiungo. Akapata waya wa athi haujashika vizuri kwa chasisi. Mimi nilikuwa nimeupita mara tatu. Jioni ampu ikaimba, na Baba akaniambia nirudie ile wimbo.

Sisemi mrudi chuo. Mimi bado sijarudi. Lakini YouTube ilinionyesha mahali waya unaenda, haikuona vile nimeuweka. Kwa hivyo ukisikia mtu akijisifu kwamba hahitaji mwalimu, kama mimi kwa ile video, muulize: nani anakagua kazi yako?

Wewe nani anakukagua? Niambie hapo chini.