Kupanga kwa Majuma Sita

Mtu ahamiaye mji mgeni kwa maisha hupewa na wakati ruhusa ya kukosea. Akipanga nyumba katika mtaa usiomfaa, atasumbuka mwaka mmoja, atajifunza, atahama, na masumbuko yake yatakuwa hadithi ya kuwasimulia majirani wapya. Lakini mtu ajaye kwa majuma sita hana ruhusa hiyo. Kabla hajalifahamu kosa lake, siku zake zimekwisha. Na kama amefuatana na mgonjwa, kosa lake hulipwa na mwili usiokuwa wake. Nasema haya kwa sababu nalikosea hivyo mjini Dar es Salaam mwaka 2018, na aliyelipa alikuwa mama yangu mzazi.

Kwetu ni Songea. Mwezi wa Mei mwaka ule mama alionekana kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, tukaandikiwa kwenda hospitali ya Ocean Road kwa matibabu ya mionzi: siku tano kwa juma, kwa majuma matano, na siku kadha za vipimo kabla ya kuanza. Hakuwa wa kulazwa, maana alikuwa akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Alitakiwa kufika kila siku asubuhi, kisha kurudi alikolala. Neno hilo dogo, alikolala, liliachwa kwangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina ndugu tele Songea, na Dar es Salaam sina hata mmoja.

Aliyepata kupanga nyumba nchini kwetu anajua kwamba muda mfupi ni neno lisilopendeza masikioni mwa mwenye nyumba. Yeye hutaka kodi ya miezi sita mkononi kabla ya kutoa ufunguo, na wengine hutaka ya mwaka mzima. Dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, mbali na senti za kukuzungusha jua kutwa akikuonyesha vyumba ambavyo yeye mwenyewe anajua huvitaki. Nyumba za wageni hutoza kwa usiku. Usiku mmoja ni rahisi, lakini usiku arobaini ni ng'ombe na zizi lake. Masaki na Oyster Bay nalipita kwa kutazama tu, kwani huko hata walinzi hukadiria fedha zako kwa viatu vyako. Upanga ndiko karibu zaidi na hospitali. Chumba nalikipata, lakini mwenyewe hakukubali kodi pungufu ya miezi kumi na miwili. Kigamboni kulikuwa na vyumba vya bei nafuu, na pantoni wakati ule ilivusha watu kwa shilingi 200 hadi Magogoni, si mbali na hospitali. Walakini nalisimama pale asubuhi moja nikaona msongamano wa watu wakisubiri lango lifunguliwe, nikamfikiria mama katikati yao, nikageuka.

Mwisho nalipanga Sinza. Hapo ndipo penye ungamo langu.

Sinza si mbali na Mlimani, ambako Chuo Kikuu kipo tangu mwaka 1964. Nalikuwa na makala niliyoianza miaka minne nyuma juu ya mashairi yaliyochapwa katika magazeti ya kale ya Kiswahili, na magazeti hayo yamo katika maktaba ya Chuo. Nalijua hili nalipokuwa nikitazama chumba. Lakini nafsi ina ufundi wa kuvika tamaa yake nguo za wajibu. Nalijiambia kwamba Sinza ni mtaa uliopangwa, uliokatwa viwanja katika mradi wa miaka ya 1970, wenye barabara zilizonyoka. Kwamba nyumba ina maji, ua uliozungushiwa ukuta, na geti la chuma. Kwamba mwenye nyumba ni mtu mpole aliyeridhika na kodi ya miezi mitatu. Kila sababu ilikuwa kweli, na zote kwa jumla zilikuwa uongo.

Katika ramani, toka Sinza hata Ocean Road ni kama kilomita kumi. Kilomita kumi Songea ni safari ya mtu aendaye shamba akarudi kabla ya chakula cha mchana. Dar es Salaam ni mlima. Tulitoka saa kumi na mbili alfajiri, tukapanda daladala ya kwanza, tukashuka Mwenge, tukagombania ya pili, tukasimama; mama akapishwa kiti na kijana mmoja, Mungu ambariki; kisha tukaingia katika foleni ya kuelekea Daraja la Selander. Wakati huo Daraja la Tanzanite halikuwapo, lilifunguliwa mwaka 2022, na karibu kila gari lililotoka upande ule kwenda mjini karibu na bahari lilitaka kupita juu ya mgongo ule mmoja. Safari ilichukua saa mbili, na siku nyingine zaidi.

Juma la kwanza mama alistahimili. Juma la pili mionzi ilianza kufanya kazi yake, na mionzi ya nyonga, kama wauguzi walivyokuwa wametuonya, huliondolea tumbo subira. Msomaji ataniwia radhi kwa kulisema jambo hili waziwazi; nimelificha miaka mingi, na nadhani kulificha ndiko kuliko sababu ya watu kutoulizana habari zake wanapotafuta vyumba. Jumatano moja, foleni ikiwa imesimama kabla ya daraja, mama alinishika mkono. Hakusema neno. Nalimtazama nikaona jasho kipajini, nikamwomba kondakta atushushe. Kulikuwa na ukuta mrefu upande huu, na ukuta mrefu upande wa pili, na magari katikati. Hapakuwa na mlango wa kubisha. Nalivua koti langu nikamfunga kiunoni, nikamwita dereva wa teksi, naye alipoona hali akataka kuondoka, nikamlipa maradufu ya nauli. Mama alifunga macho njia nzima.

Jioni, alipokwisha oga na kunywa uji, alizungusha macho chumbani, akatazama pazia, na feni, na sakafu ya vigae, akaniambia, "Nyumba yako ni nzuri, baba. Ila choo chake kiko mbali mno na hospitali."

Hakunilaumu zaidi ya hapo, wala sikuweza kulala.

Kesho yake, mama akiwa ndani, nalifanya jambo ambalo ningalilifanya siku ya kwanza kama ningalikuwa na akili: naliwauliza watu waliokaa katika mabenchi ya kungojea. Mabenchi yale yana elimu ambayo hakuna dalali aliye nayo. Pale wapo watu wa Kagera, wa Singida, wa Lindi. Kila mmoja amekwisha kulipia ujinga wake na yu tayari kukupa ujuzi bure. Mama mmoja wa Singida aliniambia kwamba yeye na mwenziwe wanakaa Kariakoo, katika nyumba ya bibi mmoja mjane aliyepangisha kwa mwezi, na kwamba upo upenu wa chumba cha tatu.

Nalisita. Kariakoo nalikuwa nimekwisha kukufuta katika hesabu zangu tangu Songea. Nani ampeleke mgonjwa mahali penye soko kubwa, mikokoteni, wachuuzi wenye vipaza sauti, na watu wengi kuliko mchanga? Lakini nalipokwenda kupima njia, nalipima safari hii kwa saa, si kwa kilomita: naliondoka Kariakoo saa moja na nusu asubuhi, wakati uleule ambao mama angeondoka, nikafika hospitali kwa dakika ishirini na tano.

Njiani nalielewa jambo ambalo nalikuwa nimelisoma bila kulielewa. Wajerumani walipouhamishia mji mkuu wao Dar es Salaam mwaka 1891, walitoa amri ya majengo iliyoanza kuugawa mji kwa aina ya nyumba. Waingereza waliokuja baadaye wakaigeuza kuwa kanda tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu, yenye upepo wa bahari. Ya pili ya maduka na makazi, ndiyo Uhindini. Ya tatu ya nyumba za Waafrika, ndiyo Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha Waingereza cha wapagazi, Carrier Corps, cha vita kuu ya kwanza. Kati ya kanda hii na zile nyingine paliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Hospitali ya ufukweni, iliyokamilishwa mwaka 1897, ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyoitwa kwa jina la Sewa Haji, tajiri aliyetoa fedha za kuijenga. Basi si ajabu kwamba mgonjwa wa leo atokaye shamba, mwenye haki kamili ya kulala katika kivuli cha hospitali ile, hapati chumba karibu nayo. Amri zile zimekufa, lakini kodi ya nyumba inazikumbuka. Teksi yangu ilitoka Kariakoo, ikapita Mnazi Mmoja, ikakata Uhindini, ikapita makumbusho na bustani ya mimea, ikatokea baharini. Nalivuka kanda zote tatu, na mle ndani ya kanda ya tatu ndimo mlimokuwa na mlango uliotufungukia.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma, na baraza mbele. Nyumba ya Kiswahili ya kale iliyosalia kati ya maghorofa kama jino moja mdomoni mwa kikongwe. Chumba kilikuwa kidogo, chenye joto, na bei yake ilizidi ile ya Sinza. Kodi ya Sinza, ya muda uliosalia, haikurudishwa, nami sikuwa na uso wa kuidai.

Nalimwomba mama radhi kwa ajili ya makelele. Akasema, "Makelele ya watu hayaniudhi. Kilichoniudhi ni ule ukimya wa geti, unapotoka ukaniacha nao."

Toka siku ile wale wanawake watatu walikodi teksi moja, ya mzee mmoja aliyekuwa akiegesha pembeni mwa mtaa, wakachangia nauli. Mzee yule alijua mahali pote penye choo toka Kariakoo hata baharini. Ilikuwa ndiyo elimu yake, wala hakupata kuwaaibisha. Waliporudi walilala, na jua lilipopungua walikaa barazani wakachambua mchele wa bibi na kuchambua habari za kila apitaye. Juma la nne, mama alipokuwa hawezi kula, bibi alimpikia uji wa mtama uliotiwa ndimu, akamsimamia mpaka akamaliza. Mimi sikuwa na uwezo huo. Mama asingalikubali kusimamiwa nami.

Wala hawakunitaka tena katika teksi yao. Walisema mwanamume hujaza kiti na kuharibu mazungumzo. Kwa hiyo asubuhi zangu zikawa tupu. Sinza, nilikokaa karibu na maktaba, sikuingia maktabani hata siku moja. Kariakoo, nalipanda mwendokasi hadi Ubungo, nikaenda Mlimani mara nne, nikasoma magazeti yangu.

Mama alimaliza matibabu, akarudi Songea, akaishi miaka minne. Alipopata ugeni aliwasimulia habari za Kariakoo. Za Sinza hakuzitaja, nami naelewa kwamba alikuwa akinisitiri.

Mwaka 2023 nalikwenda tena Dar es Salaam kwa kazi nyingine, nikaenda kuitafuta ile nyumba ili nimpe bibi habari za msiba. Soko kuu, lile alilolichora Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, lilikuwa katika matengenezo baada ya moto wa Julai 2021, na kwa hiyo nalipotea kidogo, maana nalikuwa nimezoea kuhesabu njia toka sokoni. Nalipoufikia mtaa, mahali pa baraza palikuwa na ghorofa lenye maduka ya vitambaa chini. Muuza kahawa aliyekuwa pembeni alimkumbuka bibi. Akasema amehamia Chanika, kwa mwanawe.

Nikamwuliza Chanika ni mbali kiasi gani.

"Inategemea," alinijibu, akinimiminia kikombe, "unatoka saa ngapi."