Ukungu wa Uluguru Hauna Huruma na Ndege

Morogoro, mji kasoro bahari, wengi huja kwa ajili ya milima na matunda. Mimi nilikuja na ndege kichwani! Agosti 1916 majeshi ya Smuts yaliuteka mji huu, na katika vita hivyo Waingereza walirusha ndege za BE2c, za mbao na kitambaa. Unyevu na jua la huku vikazikomesha: mbao zikapinda, gundi ikaachia. Leo BE2c moja anayo Imperial War Museum kule Uingereza, chini ya paa.

Usidhani ndege ya aluminiamu itapona, msomaji wangu. Ukiiweka nje kama pambo, maji hutuama ndani ya bawa, na pale aluminiamu inapokutana na chuma ndipo inapoanza kuliwa. Vitundu vya kutolea maji vizibuliwe, ndege iinuliwe kidogo matairi yapumue, matundu ya injini yazibwe ndege wasijenge viota. Kuipaka rangi mpya juu ya uozo ni sawa na kujipodoa bila kuoga.

Wakati wa kurudi Dar niliwaza kambi ya Ngerengere na ndege za kivita za Kichina ambazo Tanzania ilianza kuzipata miaka ya 1970. Kikongwe chochote kikiwekwa hadharani, jamani, kipewe paa. Hata la mabati.